Sigara Tamu Isiyowahi Kuvutwa

Mtu anayeacha sigara hujiandaa kwa siku za mwanzo. Ameshaambiwa na kila aliyemtangulia kwamba zitakuwa ngumu, na kweli huwa ngumu: usingizi unakatika, mikono haijui pa kukaa, mke akiuliza kama chumvi imekolea anajibiwa kwa ukali asiostahili. Arosto hiyo ina dalili zake, na watu wa nyumbani huivumilia kwa sababu wanaiona kwa macho. Lakini aliyeacha akarudi baada ya miezi mitano, au baada ya mwaka, mara nyingi hakurudishwa na arosto. Alirudishwa na kitu cha upole zaidi. Ilikuwa jioni, mvua imeanuka, kahawa imemiminwa, jamaa wa siku nyingi amesogeza kiti, na sigara ikamjia akilini ikiwa safi kabisa, haina kikohozi, haina harufu kwenye vidole, haina deni dukani. Akaiamini.

Sigara iliyomjia jioni hiyo hakuwahi kuivuta. Aliyoivuta ilikuwa nyingine.

Mwili, kwa upande wake, hufanya haraka kujiweka sawa. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde 10 hadi 20 baada ya pafu, na kila baada ya saa mbili hivi nusu yake huwa imeshatoka kwenye damu. Dalili za kuikosa hupanda hadi kilele ndani ya wiki ya kwanza, kisha kwa walio wengi hushuka sana kati ya wiki ya pili na ya nne. Watafiti waliopiga picha za ubongo wa watu walioacha wameona kwamba hata vile vipokezi vya nikotini, ambavyo huzidi idadi kwa mvutaji, hurudi kwenye kiwango cha asiyevuta ndani ya wiki 6 hadi 12. Kwa hiyo mtu wa mwezi wa tano anapoitamani sigara, damu yake haidai chochote. Kinachodai ni habari anayojisimulia.

Na habari hiyo imepunguzwa mno. Anayevuta pakiti moja kwa siku huvuta sigara 20, yaani 7,300 kwa mwaka, na 73,000 kwa miaka kumi. Akiombwa azitaje anazozikumbuka, atataja labda kumi. Ile ya kwanza na rafiki nyuma ya bweni. Ile ya siku matokeo yalipotoka. Ile ya usiku wa matanga ya baba, alipotoka nje ya turubai na mjomba, ambaye hakuwahi kuzungumza naye kama mtu mzima, akampa moto bila kusema neno. Hizo ni kweli. Lakini sigara elfu sabini na ushee zilizobaki ziko wapi? Ziko kituo cha daladala kwenye manyunyu, mkono mmoja umekinga kiberiti. Ziko nyuma ya vyoo vya kazini, dakika tano za kuibia. Ipo iliyowashwa wakati nyingine bado inafuka kwenye kisahani cha majivu. Ipo ya saa saba ya usiku, maduka yamefungwa, mtu mzima mwenye heshima zake mtaani anainama kwenye taa ya simu anachambua vipisi vya mchana, ananyoosha kimoja kilichopondwa, anapuliza majivu, anakitia mdomoni. Hicho kipisi hakimjii mtu yeyote jioni ya mvua.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha katika kitabu chake cha 1932 kwamba mtu akikumbuka jambo hulijenga upya kila mara, akiacha vipande visivyomwingia akilini na kulainisha vilivyobaki. Waliomfuata waliona zaidi: uchungu wa jambo lililopita hufifia upesi kuliko utamu wake. Mwaka 1997 Terence Mitchell, Leigh Thompson na wenzao walieleza walivyowafuatilia watu katika safari na likizo, wakiwemo waliozunguka California kwa baiskeli kwa wiki tatu. Njiani waendesha baiskeli hao walinyeshewa, walichoka, walikata tamaa, na waliandika hivyo wakati huohuo. Siku chache baada ya kurudi walikuwa wanaisimulia safari nzuri kuliko ile waliyoiandika.

Kwa maisha ya kawaida tabia hiyo ya akili ni rehema. Mama asingebeba mimba ya pili kama angeukumbuka uchungu wa kwanza wote. Kwa aliyeacha sigara, rehema hiyohiyo ndiyo mtego, kwa sababu kadiri miezi inavyozidi kwenda ndivyo sigara inavyozidi kutakata.

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha kazi hiyo ya akili waziwazi. Mvutaji anayefunga, awe Unguja, Lamu au Mombasa, hukaa tangu kabla ya alfajiri hadi magharibi, saa 13 na zaidi, bila pafu. Kwa mwendo ule wa nusu kila saa mbili, jua linapozama hana hata sehemu moja kati ya 60 ya nikotini aliyoanza nayo siku. Adhana inaadhiniwa. Anameza tende, anapiga mafunda mawili ya uji, na kabla mbaazi hazijapakuliwa yuko barazani. Pafu la kwanza linampiga kichwani, magoti yanalegea, jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo. Anafumba macho, anashukuru. Pembeni yake amekaa jirani asiyevuta. Naye amefunga saa zilezile na kufuturu tende zilezile, na tangu funda la kwanza la uji ametulia. Utulivu ambao mvutaji ameununua kwa sigara, mwenzake alikuwa nao bure. Ndipo usiku unaendelea: moja baada ya tarawehe, mbili kwenye bao, nyingine njiani, nyingine kabla ya daku. Miezi sita baadaye atakayoikumbuka ni ya futari tu, na ataiita raha, ingawa ilikuwa malipo ya deni ambalo sigara yenyewe ilimwekea.

Mwaka 1999 Andy Parrott, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliipanga hoja hii katika jarida la American Psychologist: wasiwasi wa mvutaji hupanda kati ya sigara na sigara, na sigara inayofuata humrudisha tu pale asiyevuta alipo siku zote. Uchambuzi wa tafiti 26 ulioongozwa na Gemma Taylor na kuchapishwa katika British Medical Journal mwaka 2014 uliwalinganisha walioacha na walioendelea. Walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo. Jambo hili lisemwe kwa sauti, maana hakuna imani iliyoshika mizizi kwa wavutaji kama hii kwamba sigara huwatuliza. Wanaikumbuka ikiwatuliza kwa sababu kweli iliwatuliza, lakini ni dhidi ya mchokozi ambaye ni sigara yenyewe.

Haihitaji ujinga kudanganyika hivyo. Sigmund Freud, aliyetumia maisha yake kufundisha jinsi akili inavyoficha mambo, alivuta biri kubwa za Ulaya zipatazo 20 kwa siku. Mwaka 1894 moyo ulimsumbua, rafiki yake daktari Wilhelm Fliess akamkataza tumbaku, akajaribu, akarudi. Aliamini mpaka mwisho kwamba nguvu yake ya kufanya kazi ilitoka kwenye tumbaku. Mwaka 1923 aligunduliwa saratani kinywani. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, akaishi na kifaa cha bandia ndani ya taya, na bado akavuta. Alifariki London mwaka 1939. Vitabu alivyoandika viliandikwa na kichwa chake na saa alizokaa mezani. Biri ilikuwepo chumbani tu, lakini sifa ikapewa yenyewe. Ni kosa lilelile la kijana wa Kinondoni anayesema hawezi kutunga mashairi bila fegi.

Tena utamu mwingine wa kumbukumbu hizo hata si wa mvutaji. Aliuziwa. Waliokuwa watoto Kenya miaka ya 1990 na kusimama kando ya barabara kutazama Safari Rally wanalikumbuka gari la buluu la Subaru lenye tarakimu 555 za njano, likiruka kwenye vumbi na tope. Colin McRae alishinda nalo mwaka 1997. Ni wangapi kati ya watoto wale waliojua kwamba 555 ni jina la sigara? Ujasiri, kasi na ushindi viliingia kichwani pamoja na pakiti, bila pafu hata moja. Marekani nako mpanda farasi wa Marlboro alibuniwa miaka ya 1950 kuuza sigara ambayo awali ilitangazwa kwa wanawake. Eric Lawson, mmoja wa walioigiza mpanda farasi huyo, alifariki mwaka 2014 kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na uvutaji. Mzee wa miaka 50 anayeikumbuka sigara ya ujana wake ana haki ya kujiuliza ni kiasi gani cha kumbukumbu hiyo kilipita mkononi mwake na kiasi gani kilipita kwenye bango.

Basi afanyeje nayo ikimjia?

Jibu la kwanza la watu wengi ni kuifukuza. Usiiwaze, jishughulishe, fikiria mengine. Kwa dakika chache hilo husaidia, kwa sababu hamu yenyewe hupanda na kushuka upesi, na kunywa maji au kuzunguka nyumba mara mbili kunaweza kuivusha. Lakini kama mkakati wa miezi, kufukuza wazo kuna kasoro yake. Mwaka 2010 James Erskine wa London na wenzake waliwaomba baadhi ya wavutaji wazuie kabisa mawazo ya sigara kwa wiki moja. Wiki hiyo walivuta kidogo. Wiki iliyofuata, walipoachiwa, walivuta zaidi kuliko wenzao ambao hawakuombwa kuzuia kitu. Wazo lililosukumwa nje ya mlango lilirudi na nguvu.

Njia iliyo bora ni kuikaribisha kumbukumbu na kuihoji. Ni sigara ipi hasa? Ilivutwa wapi, saa ngapi, na nani? Ikazimwa vipi? Dakika 40 baadaye nini kilifuata? Usiku ule zilikuwa ngapi kwa jumla, na asubuhi yake kifua kilikuwaje, mto ulinuka nini, mtoto alipokuja kukumbatia aligeuza uso upande gani? Kumbukumbu tamu haiwezi kuvumilia maswali ya namna hii kwa muda mrefu, kwa sababu imejengwa kwa dakika nne tu. Ukiilazimisha isimulie saa sita, au siku nzima, inaanza kusema kweli. Wanaowasaidia waraibu wa vilevi hulifanya jambo hili kila siku: mtu akisema alikuwa na raha, anaombwa aendelee na kisa mpaka mwisho, asikatie penye wimbo.

Hapa pana tahadhari. Kuihoji kumbukumbu si kuipaka matope. Wapo wanaojaribu kujitisha kwa picha za mapafu meusi na kujiambia hawakuwahi kufurahia hata siku moja. Hilo nalo ni uongo, na uongo wa upande huu huporomoka siku ya kwanza ambayo mtu anakumbuka ukweli. Mjomba wa usiku ule wa matanga alikuwepo kweli, na ukaribu wao ulikuwa wa kweli. Kinachotakiwa ni kumbakisha mjomba, na kutambua kwamba alitoka nje ya turubai kwa ajili ya mtoto wa dada yake aliyefiwa, si kwa ajili ya tumbaku. Angetoka hata kama angekuwa na kikombe cha chai. Aliyemfundisha mtu kuvuta anaweza pia kuwa ndiye aliyempenda kuliko wote, na kuacha sigara hakumtaki mtu awasaliti marehemu wake.

Ukweli mtupu unatosha. Utafiti uliowafuata madaktari wanaume wa Uingereza 34,439 tangu 1951, ulioanzishwa na Richard Doll na Austin Bradford Hill, ulikuja kuonyesha mwaka 2004 kwamba wavutaji wa kudumu walipoteza miaka kumi ya maisha kwa wastani. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alijirudishia sita kati ya hiyo, na wa miaka 30 karibu yote. Hakuna haja ya kuongeza chumvi.

Ugumu ni kwamba mwenye kumbukumbu ndiye shahidi, ndiye mwendesha mashtaka, na jioni ile ya mvua ndiye hakimu pia. Peke yake atashindwa. Vipande anavyovihitaji viko kwa watu wengine.

Tuchukue watu wawili wa Dar es Salaam, wa kubuni, mmoja ameacha miaka mingi, mwingine miezi. Saa tatu usiku simu inaita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona sauti hivyo?"

"Imenijia kaka. Ile ya Tanga."

"Ipi ya Tanga?"

"Ile tuliyovuta Raskazoni, siku ya harusi ya dada. Upepo wa bahari ule. Sijawahi kuvuta sigara kama ile."

"Enhe. Ulivuta ngapi usiku ule?"

"Si ilikuwa sherehe. Pakiti, pakiti na kitu."

"Ya pili yake unaikumbuka?"

Kimya. "Hapana."

"Asubuhi je?"

"Asubuhi nilikohoa mpaka shemeji akaja kugonga mlango. Alidhani natapika."

"Endelea."

"Dada alikuwa anaondoka na mumewe. Wanaagana na wazee pale uani. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta sigara dukani kwa Mangi, nikarudi gari limeshatoka."

"Hilo hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nimelisahau, kaka."

Mkubwa hakumpa hotuba wala takwimu. Alimuuliza tu, akasubiri. Aliweza kuuliza vizuri hivyo kwa sababu mwenyewe amewahi kukosa mambo ya namna hiyo. Asiyewahi kuvuta, hata akiwa mke mwema au daktari hodari, huona sigara ya Raskazoni ni upuuzi na husema hivyo, na mwenye hamu akidharauliwa huzidi kuitetea.

Nguvu ya watu wa karibu katika jambo hili imepimwa. Nicholas Christakis na James Fowler walichambua mtandao wa watu 12,067 wa Framingham, Massachusetts, kuanzia 1971 hadi 2003, na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Mwenzi wa ndoa alipoacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki alipoacha, asilimia 36. Watu waliacha kwa makundi, marafiki na marafiki wa marafiki, bila hata kupanga. Na tafiti za vikundi vya kuacha sigara zimeonyesha kwamba wanaokutana hufanikiwa kuliko wanaopewa kitabu wakajisomee. Lakini si kila mpango wa namna hiyo umezaa matunda. Majaribio ya kumpangia mvutaji mtu wa kumsindikiza hayakufanikiwa kila mara. Kumpa mtu namba ya simu si sawa na kumpa mtu wa kumpigia.

Mwezi Septemba 2013, New York, kipaza sauti kilichokuwa wazi kilinasa mazungumzo ya faragha kati ya Barack Obama na Maina Kiai, Mkenya aliyekuwa akishughulikia uhuru wa kukusanyika katika Umoja wa Mataifa. Walikuwa wanaulizana habari za sigara, kama wanavyoulizana watu waliowahi kuvuta popote duniani. Obama akasema hajavuta labda kwa miaka sita, kwa sababu anamwogopa mke wake. Dunia ikacheka. Lakini hesabu hiyo haikai sawa na kumbukumbu za wazi: Juni 2009, wiki aliyotia saini sheria ya kudhibiti tumbaku ya Marekani, alikuwa amekiri mbele ya waandishi kwamba amepona kwa asilimia 95 na kwamba kuna nyakati huteleza. Katika kitabu chake cha 2020 anaeleza kwamba Ikulu alifikia sigara nane, tisa, kumi kwa siku, na kwamba aliacha mwaka 2010, baada ya binti yake Malia kuinusa harufu mdomoni mwake na kukunja uso. Akatafuna chingamu za nikotini muda mrefu. Kumbukumbu ya mtu huyo makini nayo ilikuwa imesogeza tarehe na kupunguza mateso, jambo la kibinadamu kabisa. Waliokuwa na hesabu kamili walikuwa mke na binti.

Wengine hawana Malia. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014, watu wazima waliotumia tumbaku Kenya walikuwa asilimia 11.6: wanaume 19.1, wanawake 4.5. Tanzania, mwaka 2018, walikuwa asilimia 8.7, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Ni habari njema kwa taifa. Kwa anayeacha ina upande mgumu: mtaani kwake anaweza asimpate mtu mwingine aliye safarini. Na mwanamke anayevuta, ambaye mara nyingi amevuta kwa kujificha, bafuni, juu ya paa, dirishani usiku, huacha pia kwa kujificha. Hana wa kumwuliza "ipi hasa?" kwa sababu hakuna anayejua kwamba ilikuwepo hata moja. Aibu aliyobebeshwa humlindia kumbukumbu yake isihojiwe. Kama kuna mahali kikundi kidogo cha simu, cha watu wanne au watano wanaoaminiana, kingefanya kazi kubwa kuliko bango lolote la wizara, ni hapo.

Mfano wa kuanzia upo Zanzibar. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 zimefunguliwa huko nyumba za nafuu kwa waraibu wa heroini, watu wanaziita soba hausi, zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na waliopitia unga wenyewe. Hufuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Marekani mwaka 1935, na ambacho wavutaji wa California walikiiga miaka ya 1980 kuanzisha Nicotine Anonymous. Mikutano ni watu kukaa duara na kusimulia kwa zamu. Mtu akisimulia siku zake za unga kwa sauti ya kuzitamani, wenzake huisikia sauti hiyo kabla yake. Kikombe cha chai, mkeka na saa moja kwa wiki ndiyo gharama yenyewe, na hakuna sababu walioacha sigara wa Magomeni, Likoni au Ujiji wasiwe na mkeka wao.

Wataingia watakaoteleza. Alan Marlatt na Judith Gordon walieleza katika kazi yao ya 1985 jinsi pafu moja linavyogeuka pakiti: mtu anajihukumu kwamba ameshaharibu, na kwa kuwa ameshaharibu, ya nini kujizuia? Kibanda kinauza moja moja, bei ya kuanza upya ni sarafu. Aliyeteleza akipiga simu usiku uleule, kabla ya kununua ya pili, huwa bado ana habari mpya kabisa mdomoni: ladha ya kuungua, kizunguzungu, kukata tamaa, jinsi isivyofanana na ile aliyoitamani. Asiachwe aisahau. Aiseme yote, na mwenzake aisikilize bila kumsimanga, kwa sababu hiyo ndiyo sigara halisi, imepatikana ikiwa bado ya moto.

Kwa ajili hiyo pia mgeni wa siku ya pili ana thamani kubwa kikundini, ingawa mwenyewe anajiona mzigo. Anakuja macho mekundu, goti linatikisika, hawezi kumaliza sentensi. Mkongwe wa miaka mitano aliyeanza kuikumbuka sigara kwa mapenzi anamtazama na kukumbuka alikotoka. Wapo wanaojirekodi kwa simu katika siku zile mbaya za mwanzo, dakika mbili za sauti, kikohozi na hasira na maneno yanayokwamana, wakamtumia mwenzao wa kikundi aitunze. Aliyetumiwa haifuti. Mwezi wa tano, mwenye sauti akipiga kusema anaikumbuka sigara ya Tanga, anarudishiwa yake mwenyewe, na wanaisikiliza wote wawili mpaka mwisho.